Kitenge Aenda Kutangaza Kifo Chake

Saa tatu asubuhi Kitenge aliingia mwenyewe katika ofisi ya bima, karibu na gare ya treni ya Kamina, akavua kofia na kutangaza kwamba amekufa.

"Minyi njo Kitenge," alisema, akakohoa. "Nilikufa tarehe mbili. Nimekuja mufunge dosie yangu."

Ruffin, wakala wa bima, aliweka kalamu chini. Katika kazi hii alikuwa ameshaona mengi. Alishamwona mtu aliyetaka kumwekea bima mbuzi wake, na mwingine aliyetaka kumwekea bima bosi wake bila bosi kujua. Lakini marehemu mwenye kikohozi, hapana, huyo alikuwa wa kwanza.

Alifungua dosie, lile faili la mkataba. Kitenge wa kwenye picha alikuwa mfanyakazi wa reli, miaka thelathini na sita, shingo nene. Kitenge wa kwenye kiti alikuwa mzee mwenye mvi kichwa kizima, ndani ya koti ambalo wangeenea watu wawili.

"Mama Kabedi," Ruffin alimwuliza mwanamke aliyeingia akimshika mzee mkono, "huyu ni nani?"

"Ni bwana yangu."

"Bwana yako ninamujua. Nilimuandika minyi mwenyewe."

"Ule alikufa na malaria, musieu Ruffin. Kisha matanga, famii ilikaa, ikachagua mujomba yake, papa Nyembo. Balimupakaa pemba, ule udongo mweupe, bakamupa koti ya marehemu na jina yake. Tangu ile siku Kitenge njo huyu. Batoto banamuita papa."

Ruffin hakuhitaji kuelezwa zaidi. Naye alikuwa Muluba, na desturi ya kupyana aliijua tangu utoto: mtu akifa, ndugu yake anachukua jina na nafasi yake, na maisha yanaendelea. Tatizo ni kwamba mkataba wa bima haukuandikwa na Waluba.

"Sikiliza, mama." Akausoma kwa sauti ya padri. "Mwaka wa kwanza ni wa kungojea. Mwenye bima akifa kabla mwaka haujaisha, familia hailipwi kitu, inarudishiwa tu michango yake. Sasa mwaka wa Kitenge unaisha baada ya siku tisa kuanzia leo. Amekufa mapema mno."

"Siku tisa!" Kabedi alishika kichwa. "Na batoto bane, wa mwisho iko ananyonya! Ile malaria haikuweza kungojea?"

"Malaria haisomi mikataba, mama."

"Basi muturudishie ile michango."

Hapo Ruffin alipiga hesabu. Michango ikirudishwa, kamisheni yake nayo inarudishwa, na kamisheni ilikwisha kugeuka matairi mawili mapya ya pikipiki. Alimtazama mzee. Akatazama mkataba. Kisha akatabasamu tabasamu ambalo, tuseme kweli, lilistahili kibao.

"Papa, weye njo nani?"

"Minyi Kitenge."

"Mutoto ya nani?"

"Ya Kalenga na mama Kapinga."

"Bwana ya nani?"

"Ya huyu."

"Na uko muzima?"

Mzee alifikiri kidogo. "Kwa leo, ndiyo."

"Basi!" Ruffin akapiga meza. "Kitenge hakukufa! Munasema wenyewe, minyi sijasema. Bima hailipi kifo cha mtu aliye hai, wala hairudishi michango ya mtu aliye hai. Mkataba unaendelea."

Kabedi alipiga kelele hadi muuza mkate wa nje akachungulia dirishani. Alisema ni wizi, ni dhambi, ni kumla mjane mchana kweupe. Ruffin alimwacha alie. Alikuwa anajipenda sana wakati huo.

"Desturi ni yenu, mama," alisema kwa upole. "Ao unataka kukana bwana yako mbele yangu?"

Kabedi akainamisha kichwa. Hakutaka.

Ruffin akavuta karatasi, akaandika hati kwa mkono wake mzuri wa shule ya masista: kwamba leo amemwona kwa macho yake Kitenge, mwenye bima, akiwa hai; kwamba mkataba wake ni halali; kwamba atakayelipwa akifa ni mkewe, Kabedi. Akatia sahihi. Akapiga muhuri, akaupiga tena pembeni, ili kesho asije mtu wa ukoo na maneno mengine.

"Na hautamupima?" Kabedi aliuliza, akijipangusa machozi kwa ncha ya nguo yake. "Haumuulize mambo ya afya?"

"Maswali ya afya yanaulizwa siku ya kusaini tu. Kitenge aliishayajibu. Leta muchango wa mwezi huu."

Kabedi alifungua fundo la kitambaa, akalipa huku analia. Ruffin alifurahi hata akawasindikiza mpaka mlangoni, akamshika mzee bega na kumwita kijana.

Walitembea polepole kuelekea cité, mtaani kwao, mzee akisimama kila hatua chache kutafuta pumzi. Walipopita kona, ofisi ilipokuwa haionekani tena, Kabedi aliacha kulia. Aliikunja ile hati mara nne, akaitia kifuani. Halafu akamtazama mzee kwa huruma na kwa hofu.

"Papa Nyembo," alisema, "ni siku tisa. Utaweza kungojea?"

"Docteur alisema nimebakia na wiki mbili," mzee alijibu. "Unipikie tu bukari ya mahindi na samaki ya ziwa ya Kisale, nitafika."