Suti ya Ndotoni

"Ichome," Mama Eva alisema kwenye simu kabla hata ya salamu. "Hiyo suti yako nyeusi. Ipeleke nyuma ya zizi, uimwagie mafuta ya taa, uichome sasa hivi."

Upande wa pili, huko Kilema, mume wake Emilian alicheka mpaka akakohoa. "Suti ya harusi yetu? Sasa siku yangu ikifika mtanizika na nini, na mabuti ya shamba?"

"Usitanie hivyo! Nimekuota."

Emilian alizidi kucheka, maana alimjua mkewe. Mama Eva aliuza mitumba Holili. Alipanga chumba huko na kurudi nyumbani mwisho wa wiki, na pale sokoni alisifika kwa mambo mawili: kubishana bei na kutafsiri ndoto za nguo. Wenzake walimletea ndoto zao asubuhi kabla hawajafungua marobota. Nguo chafu, ugonjwa unakuja. Umevaa gauni la mwenzio, utabeba na matatizo yake. Kiatu kimoja kimepotea, usipoteze nauli, safari hiyo haipo. Walimcheka, lakini hao hao waliomcheka ndio walioahirisha safari.

Na mtu aliyevaa suti nyeusi siku isiyo ya harusi? Hilo hakulifanyia mzaha hata mara moja. Huyo alikuwa wa kuzikwa.

"Ulikuwa umesimama mlangoni pa nyumba yetu," alimweleza Emilian. "Umeivaa, vifungo vyote umefunga. Watu wanakuja mmoja mmoja wanakupa mkono. Walikuwa wanakuaga, Baba Eva. Hata mmoja hakutabasamu."

"Labda nimechaguliwa diwani."

"Nakuomba. Leo usipande mti, usiende mtoni, kaa ndani."

"Haya, Mama Eva, leo nakaa ndani kama kuku anayeatamia. Ngoja nikupe Eva umsalimie, anashuka mjini, pikipiki inamngoja."

"Eva nitampigia baadaye. Wewe nijibu kwanza, utaichoma?"

"Nitaichoma," alisema Emilian, kwa sauti ya mtu ambaye hatachoma kitu.

Asubuhi nzima Mama Eva alikuwa hajielewi. Alikunja suruali zilizokwisha kukunjwa. Mteja mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka alimshusha bei ya koti mpaka nusu, naye akamwachia bila neno, jambo ambalo majirani zake wa meza walilitazama kwa wasiwasi.

Jua lilipokuwa utosini, gari la shemeji yake Rodrick lilisimama mbele ya biashara yake. Rodrick, mdogo wake Emilian, hakuwa mtu wa kuja Holili.

"Shemeji, funga twende nyumbani," alisema, akitazama nguo badala ya kumtazama yeye. "Kaka presha imempanda kidogo."

Kidogo. Mama Eva alishika ukingo wa meza. Kwao mtu haambiwi msiba akiwa mbali. Huambiwa fulani anaumwa kidogo, akapakiwa kwenye gari, ukweli akaukuta uani. Baba yake mzazi naye alikuwa "amelazwa kidogo", na alipofika alikuta vijana wanachimba kaburi kwenye migomba.

"Amekufa, Rodrick?"

"Kaka ni mzima, shemeji. Nakuapia."

"Basi nipe niongee naye."

"Tutafika sasa hivi."

Ndani ya gari alipiga simu ya Emilian, ikaita mpaka ikakata. Akapiga ya Eva, haikupatikana. Alielewa. Eva hakujua kumdanganya mama yake, kwa hiyo alikuwa ameizima. Maskini mtoto, anampoteza baba na hata chuo hajamaliza.

Walipopita Himo na kuanza kupanda mlima, Mama Eva alifungua mkoba wake. Alitoa rozari, lakini sala zilimpotea zote. Lilibaki ombi moja, akawa analirudia kila kona.

"Mungu wangu, chukua kingine chochote. Kingine chochote, huyu niachie."

Rodrick alikaza macho barabarani, machozi yakimshuka hadi kidevuni. Mama Eva alipoyaona, akaacha kuuliza maswali.

Nyumbani, vijana walikuwa wanafunga turubai kwenye migomba. Wanawake waliokuwa wakimenya ndizi waliliona gari, wakaangua kilio. Alishuka kabla halijasimama vizuri, akapenya katikati ya watu mpaka akafika mbele ya nyumba.

Emilian alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amevaa suti nyeusi, na watu walikuwa wanakuja mmoja mmoja wanampa mkono.

Alikuwa anapumua. Mama Eva alimgusa kifua, akamgusa shingo, akakuta joto na jasho, yu mzima kabisa. Alianza kucheka kwa sauti, furaha ikamzidi, akamkumbatia mbele ya wakwe na majirani bila aibu yoyote.

"Amenisikia!" alipiga kelele. "Jamani, Mungu amenisikia!"

Wanawake waliacha kulia, wakatazama chini. Hakuna aliyecheka naye. Ndipo Mama Eva alipoligeukia lile turubai, na vile viti vilivyokuwa vinapangwa, na kicheko kikamkauka.

"Sasa nani amefariki, Baba Eva?"

Emilian akamwita kwa jina lake la ubatizo, jina ambalo hakuwa amelitamka tangu walipopata mtoto wao.

"Odilia," alisema, "usiniite hivyo tena."