Faida Mia, Hasara Moja

Huko mbugani aliishi Nguchiro mmoja aliyependa hesabu kuliko chakula. Siku moja wanyama walitaka kufyeka kichaka cha miiba ili wapate njia ya mkato ya kwenda mtoni. Nyati, mkuu wao, akamwita Nguchiro apime kama inafaa. Nguchiro akachora mistari mchangani, kisha akajitutumua.

“Wanyama mia wataokoa mwendo. Anayepoteza ni mmoja tu, Bi Digidigi, anayeishi humo kichakani. Faida mia, hasara moja. Tufyeke!”

Wakashangilia. Bi Digidigi, aliyejifungua juzi tu, akasogea mbele.

“Bwana Nguchiro, hesabu yako siipingi. Kama faida ni kubwa hivyo, basi kila mmoja wa hao mia aniletee tawi moja la miiba, nijenge kwingine. Bado mtabaki na faida.”

“Ni haki,” akasema Nguchiro. “Nani wa kwanza?”

Ngiri akasema miiba inachoma. Pundamilia akasema, kwa kweli, yeye hana haraka hivyo. Nyati akakohoa. “Mimi kule kuzunguka hunisaidia kushusha chakula.”

Nguchiro akangoja mpaka jua likawa utosini. Halikuja hata tawi moja. Aibu ikamshika: alikuwa amehesabu vichwa, hakupima kila kichwa kinapata nini. Akaifuta mistari yake yote kwa mkia.

“Mkuu,” akasema, “njia isiyofikia thamani ya tawi moja kwa yeyote kati yetu, haiwezi kufikia thamani ya nyumba ya mwenzetu.”

Nyati akainuka, akaongoza msafara kukizunguka kichaka, polepole, mtoto wa Digidigi asiamke.