Mrija wa Sita

Itangazwe kwa watu wote wa Sisibo, mji ambao Wazungu huuandika Eldoret, waliobatizwa na wanaosubiri kubatizwa: tumbo la Bwana Murunga, karani wa mizigo pale stesheni ya reli, limefungwa rasmi. Kuanzia leo pombe haipiti humo.

Tangazo hilo lilisomwa na Mzee Shitanda, fundi viatu, akiwa amesimama juu ya sanduku nyumbani kwa Selpha, mpika pombe ya busaa. Karatasi aliyoishika ilikuwa ya kufungia sukari, na haikuwa na neno hata moja. Alipomaliza alishuka kwa heshima zote, akaketi, akachukua mrija wake.

Tryphosa, mkewe Murunga, aliposimuliwa habari hiyo hakucheka. Yeye ndiye aliyeshika karai siku mumewe alipotapika damu nyeusi kama makapi ya kahawa. Daktari alikuwa amesema ni kidonda cha tumbo, na kwamba busaa na chang'aa za miaka ishirini zilikuwa zimekilisha kikanona. Dawa ilikuwa maziwa kila baada ya saa mbili, uji mwepesi, na unga mweupe wa kukorogwa majini. Pombe, hata funda moja, hapana.

Taabu ilikuwa ule mrija. Wanaume sita walikuwa wamenywa pamoja kwa Selpha tangu ujana wao, wakizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu anaoutunza nyumbani juu ya mlango. Na kwao kigoda cha mtu aliye hai hakiachwi kitupu. Kigoda kitupu ni cha marehemu. Kwa hiyo kila Jumamosi mchana Murunga aliutoa mrija wake na kwenda, kama alivyosema, kukaa tu. Shitanda na wenzake walikuja hadi mlangoni kwa Tryphosa, wakashika Biblia, wakaapa kwamba hataonja.

Kila aliporudi, Tryphosa alimnusa. Jumamosi ya kwanza mdomo wake ulinukia maziwa. Ya tano ulinukia maziwa kwa juu, na chini yake kitu kichachu.

"Hiyo ni ya wenzangu," Murunga alisema. "Imenishika koti."

Jumamosi ya sita asubuhi, Tryphosa alikwenda hospitali kuchukua ule unga wa dawa. Stephen, dresa, msaidizi wa daktari, alimuuliza kuhusu choo cha mumewe. Tryphosa akasema ni cheusi, kama lami.

Stephen akaiweka chini chupa aliyokuwa akiijaza. "Hiyo ni damu, Mama. Kidonda kinataka kufunga, na kuna kitu kinakifungua kila mara. Kikipasuka tena, hata kisu cha daktari hakitamuwahi."

Aliporudi nyumbani, mrija haukuwa juu ya mlango.

Alikwenda mbio, leso ikimdondoka begani. Kwenye kichochoro cha Selpha alikutana na Kiptoo, muuza maziwa wa kutoka kijiji cha Ziwa, akisukuma baiskeli yenye debe tupu. Kiptoo alimsalimu, akasema kwa mzaha kwamba siku hizi watoto wa Selpha wananyonya kweli. Selpha hakuwa na mtoto. Tryphosa hakuwa na muda wa kulifikiria hilo.

Ndani mlikuwa na giza na moshi. Wanaume sita walikizunguka chungu, mashavu yamebonyea, kila mmoja na mrija mdomoni. Hakuna aliyeimba. Wote walikaa kama watu walio matangani, isipokuwa Murunga, aliyeegemea ukuta kwenye kigoda chake, macho nusu yamefumba, amestarehe kama askofu.

"Wauaji," Tryphosa alisema kwa sauti ya chini. "Mliapa kwa Biblia."

Shitanda alisimama, akajiweka kati yake na chungu, akamwita kwa jina la mwanawe. "Mama Kavetsa, nakuomba. Fanya yote, lakini usiangalie chunguni."

Tryphosa alichomoa kijinga motoni, akampita, akainama.

Chungu kilikuwa cheupe. Maziwa, mpaka shingoni.

Hakuna aliyemwangalia usoni. Shitanda alijifuta ndevu, akaeleza kwa aibu kwamba ni wiki ya sita sasa. Waliona hawawezi kumwacha mwenzao anyonye maziwa peke yake kama mtoto, wakaona afadhali wawe watoto wote. Elphas, mmoja wao, maziwa yalikuwa yakimwendesha tumbo kila Jumapili, lakini alivumilia.

"Tunaomba tu usiliseme sokoni," alimalizia. "Tuna wajukuu."

Watu aliowaita wauaji. Tryphosa alitaka kumwomba kila mmoja msamaha kwa jina lake, akaanza na Shitanda, ambaye alikuwa amerudi kigodani na kuurudisha mrija mdomoni. Kwa haya hakuweza kumtazama machoni, hivyo akautazama mrija wake, kutoka mdomoni hadi chunguni. Akaja kwa Elphas, na mrija wa Elphas. Akaendelea hivyo, mtu na mrija wake, mpaka akafika ukutani kwa mumewe.

Akahesabu upya. Wanaume walikuwa sita. Mirija iliyoingia chunguni ilikuwa mitano.

Mlangoni, Selpha alikumbuka ghafla kwamba hajaleta kuni.

Mrija wa sita ulipita nyuma ya mguu wa Murunga, ukaingia chini ya gunia lililokuwa kando ya kigoda chake. Tryphosa alilifunua kwa ncha ya kidole cha mguu. Kibuyu kilikuwa kimebaki robo, na povu la busaa bado lilikuwa likipasuka pasuka shingoni.

Wanaume watano, midomo yao myeupe, waligeuka.

"Murunga," Shitanda aliuliza. "Tangu lini?"

Murunga alimeza kwanza lililokuwa mdomoni.

"Tangu uliposoma tangazo," alisema.