Kiti Chini ya Daraja

Meya Todoran alibeba kiti chake mwenyewe, akateremka nacho mtoni, akakiweka chini ya daraja jipya, akaketi. Akakunja nne.

"Haya, Mama Saveta!" akapaza sauti. "Umeridhika, au utaniletea na mto wa kuegemea?"

Kijiji kizima kikaangua kicheko. Saveta hakucheka. Yeye ndiye aliyemkaba meya pale mlangoni mwa kanisa, Jumapili, watu wakishuhudia. Tangu enzi za babu zao, anayejenga daraja hukaa chini yake lori la kwanza likipita.

"Mara mbili pesa za Ulaya zimekuja, daraja halikuja," alimwambia. "Kilichokuja ni ghorofa ya tatu ya nyumba yako. Safari hii tutalipima kwa kichwa chako, mwizi we!"

Hasira yake ilikuwa na sababu. Miaka tisa kiwanda cha maziwa kiliwaambia: lori letu la tangi likiweza kuvuka, tutanunua. Miaka tisa wakawanywesha nguruwe maziwa, na vijana wakaenda Uhispania kuchuma stroberi za watu. Wa kwanza kurudi alikuwa Sandu, mwanawe Saveta. Kiwanda kilimpa tangi aendeshe. Sasa alikuwa ng'ambo ya mto, injini inanguruma, tangi limejaa maziwa ya vijiji vya juu.

"Sivuki mpaka mama apunge kitambaa," alikuwa amesema, na kila mtu alijua.

Lori la majaribio lilitoka kiwanda cha mbao cha shemeji yake meya. Mifuko mia nne ya saruji, tani ishirini. Cheti cha mzani kilikuwa na mihuri mitatu, na kasisi alikisoma kama anasoma Injili. Lori likapanda kilima bila kuhema, dereva akipiga mluzi.

"Shemeji yako kaanza lini kuuza saruji?" Saveta aliuliza.

"Kaazima, mama!" meya alijibu kutoka chini. "Wewe hata ukiingizwa peponi utauliza nani kafagia."

Lori likaingia darajani. Wanawake wakafanya ishara ya msalaba. Likavuka, likageuza, likarudi. Daraja halikutoa hata mlio. Chini yake meya alikuwa anakula mbegu za alizeti, akitemea maganda mtoni.

Lori liliposhuka likaruka kidogo kwenye tuta, mfuko mmoja ukadondoka. Nani alijali? Watu walikuwa wanakumbatiana, kodiani imeshaanza kulia, chupa za pombe ya plamu zinapita mkono hadi mkono. Jirani akamtikisa Saveta bega: "Umeona sasa? Na mdomo wako ule!"

Saveta akaona haya. Hasira ya miaka tisa ikamtoka kama jino bovu.

"Nisamehe, Meya," akasema.

"Yameisha, mama. Mpungie kijana, maziwa yasichache."

Akakivua kitambaa cheusi cha ujane, akakipunga juu kabisa. Ng'ambo, Sandu akapiga honi mara mbili. Magurudumu ya mbele yakakanyaga daraja.

Saveta akageuka huku anajifuta machozi, akauona ule mfuko matopeni. Saruji haiachwi matopeni, hata ya mwizi. Akainama, akaushika kwa mikono miwili, akakaza mgongo kwa kilo hamsini.

Ukaja juu upesi kiasi kwamba nusura aanguke chali. Ulikuwa umepasuka pembeni. Unga wa mbao, mkavu, mweupe, ukamwagika juu ya viatu vyake.

Akageuka. Sandu alikuwa katikati ya daraja, anampungia mkono. Na meya alikuwa anapanda ukingo mbio, kiti kichwani.