Kastabini ya Fundi Zakayo

Mbwa Watasema alimeza kastabini ya marehemu fundi Zakayo, kile kikofia cha chuma alichovaa kidoleni asichomwe na sindano. Skolastika, mjane wa fundi, akamkimbiza kwa daktari wa mifugo.

“Usimtapishe, mama,” daktari alisema, akimpapasa mbwa tumbo. “Haina ncha. Mpe uji mzito, itatoka yenyewe.”

Siku ya pili ikatoka. Skolastika akaisugua kwa sabuni na majivu, huku akiimba, mpaka ikang'aa kama mpya. Kisha akaipeleka puani, kama alivyozoea kila asubuhi tangu msiba, atafute jasho la mumewe na mafuta ya cherehani.

Ikanukia sabuni tu.

Akamsogezea Watasema. Mbwa akanusa, akanusa tena, kisha akaenda kujilaza chini ya cherehani, akiutazama mlango.