Bosi wa Magodoro Yu Hai

"Inua kidevu, baba," binti alisema, akamfungua mzee tai na kuifunga upya. "Na usiongee sana. Tutasema koo linakusumbua."

Mzee akainua kidevu. Miwani ilimuumiza macho, lakini binti hakutaka hata kusikia habari ya kuivua.

Yote yalianzia kwenye simu za watu. Jana yake, mpita njia aliona gari la wagonjwa likiingia nyumbani kwa familia yenye kiwanda cha magodoro. Akapiga picha, akairusha mtandaoni. Kufika mchana, watu walikuwa wanavunjika mbavu: "Bosi wa magodoro kalala moja kwa moja!" Redio ikadaka, ikaongeza neno "tetesi". Kufika jioni, wengine walikuwa wanasimulia utadhani wamebeba jeneza. Waliokuwa na hisa za kampuni wakaanza kuziuza kwa pupa, na bei ikaporomoka karibu nusu.

"Maneno ya watu ndiyo yametufikisha hapa," binti alisema wakiwa garini. Yeye ndiye aliyesimamia fedha za kampuni. "Wakikuona tu, yamekwisha."

"Mama yako anasemaje?"

"Hataki kutoka chumbani. Mwache."

Kiwandani, waandishi wa habari walikuwa wamejazana getini, simu juu. Mzee alishuka taratibu, akaelekea upande wa ghala. Binti akamshika kiwiko, akamgeuza kwenye ngazi za ofisi.

"Nasikia nimekufa," mzee alisema, kama alivyofundishwa. "Basi leo marehemu kaja kazini."

Kicheko kikalipuka. Wafanyakazi wakapiga makofi, vigelegele vikafuata. Hata hajamaliza kupunga mkono, video ilikuwa imeshasambaa, na bei ikaanza kupanda.

Mshonaji mmoja wa foronya, aproni imejaa nyuzi, akajipenyeza hadi mbele na kumshika mzee mkono kwa mikono yake miwili.

"Bosi, nisamehe. Hata mimi niliamini. Hisa zangu, nilizokatwa kwenye mshahara miaka yote hii, leo nilikuwa naziuza. Sasa siuzi ng'o! Tena ile ada ya mwanangu naenda kununulia nyingine, kabla hazijapanda zaidi."

Mzee aliushikilia mkono wake. "Mama, hebu subiri kwanza..."

"Koo, baba," binti alisema huku akimminya kiwiko, na wakaondoka.

Ndani ya gari mzee alijifunika uso kwa viganja. "Yule mama anakwenda kununua."

"Wengi wananunua. Ndiyo maana bei inapanda."

"Wananunua za nani?"

Binti akageukia dirishani.

Nyumbani, televisheni ya sebuleni ilikuwa inamrudia mzee, anapunga mkono, anacheka, anapunga tena. Aliketi ukingoni mwa kochi akiangalia zulia. Binti alikuwa amesimama, simu sikioni.

"Imerudi pale pale? Basi uza za familia. Zote. Ndiyo, zote, leo hii."

"Mpigie yule mama asinunue," mzee alisema.

"Jioni tunatangaza. Kila mtu atajua."

"Jioni atakuwa ameshanunua! Kanishika mkono yule. Kaniomba mimi msamaha, unasikia? Mimi!"

Binti alizima televisheni, akaweka simu mezani, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akaanza kulia, kilio cha mtu aliyekuwa amekizuia kwa meno.

"Asante, baba mdogo," alisema. "Sasa ingia ukamuage kaka yako, gari la maiti liko njiani."

Mzee alishika kitasa cha mlango wa chumbani, akasimama. Hakujua atamwangalia marehemu kwa uso gani.