Sauti Iliyosafishwa

"Mama, umekula?" sauti ya mwanaume iliuliza kwenye spika.

Msichana wa zamu aliondoa vidole kwenye kibodi akasubiri. Chochote alichoandika yeye, mashine ilikisema kwa sauti ya marehemu. Kijana mwenyewe alifia mikononi mwa idara yao ya usalama, na mama yake hakuambiwa.

"Nimekula, baba," mama alijibu. "Wewe je? Au huko mafichoni wanakulisha maneno tu?"

Msichana alitabasamu bila kupenda.

"Hujaletwa hapa kucheka," Mkubwa alinong'ona. "Muulize mdogo wake kajificha wapi. Zamani kazi hii ingetutoboa viatu mwaka mzima."

"Na rekodi zenyewe zilikuwa mbovu, afande," fundi wa sauti alijisifu. "Mtandao wa kwao unakatakata kila neno. Nimeunga kipande kwa kipande mpaka akanyooka."

Msichana aliandika. Sauti ikasema, "Mama, mdogo wangu yuko wapi? Nataka nimtoe kabla hawajamfikia."

Mama aliguna.

"Siku hizi umekuwa kasuku, mwanangu. Haya. Yuko kwa mjomba wenu, nyuma ya kile kiwanda cha sabuni kilichofungwa. Wahi."

Mkubwa na fundi walitoka mbio, mlango ukabaki unapigapiga. Magari yakanguruma uani.

Msichana alibaki peke yake na ile pumzi ya mama kwenye spika. Alijua kijana wa pili naye angeletwa wapi, na kwamba huenda asitoke. Akaandika maneno ambayo hakuna aliyemwagiza.

"Pole, mama," sauti ikasema.

"Wameshaondoka?"

Msichana aligeuka kuutazama mlango.

"Waache wakaugue mafua huko kiwandani. Kitindamimba wangu alishavuka mpaka." Mama aliongea taratibu, kama anayembembeleza mtoto. "Wewe uliyebaki hapo, nisikilize. Mwanangu alizaliwa na kigugumizi. Mpaka amalize kuniita, chai imeshapoa. Siku ile uliponipigia mara ya kwanza ukaniita 'mama' bila kukwama, niliweka simu chini nikalia msiba."

Akapenga kamasi.

"Lakini usikate. Sauti ni yake. Niite tena, ila ukwame kidogo."